Mpini Imara wa Kisu: Namna ya Kuchagua Mbao Itakayodumu

Wahenga walinena kwamba aliyeshika makali hashindani na aliyeshika mpini. Usemi huo siku hizi husikika zaidi katika mazungumzo ya madaraka, lakini asili yake ni kisu chenyewe, na maana yake ya kwanza ingali kweli: mpini ndio unaoamua iwapo kisu kitamtii mwenyewe au kitamgeuka. Hata hivyo, mnunuzi aghalabu hukichunguza chuma peke yake. Hutazama bapa linavyong'aa, huuliza kama linashika kutu, hujaribu makali kwenye kipande cha karatasi, kisha hulipa. Mpini huupima kwa rangi tu.

Miezi michache baadaye ndipo kasoro hujitokeza. Mbao hupasuka karibu na ribiti, au msuka, yaani ile sehemu ya chuma iingiayo ndani ya mpini, huanza kucheza. Kisu kinachocheza mkononi ni hatari kuliko kisu butu, kwa kuwa hugeuka ghafla wakati mkono umekaza nguvu, kama vile katika kukata mfupa, muhogo au boga. Ufa nao, hata uwe mwembamba kama unywele, hunywa maji ya nyama na samaki, na hakuna dodoki liwezalo kuufikia ndani. Kwa hiyo mpini mbovu si hasara ya fedha pekee; ni jambo la usalama wa vidole na usafi wa chakula.

Makala haya yanamlenga mtu anayenunua kisu chenye mpini wa mbao, anayemwagiza fundi amtengenezee, au anayetaka kubadilisha mpini uliokwisha kuharibika. Jambo kuu ambalo msomaji anaombwa alishike ni hili: jina la mti si dhamana. Mbao ya kawaida iliyokaushwa vyema, ikachongwa kwa kufuata nyuzi zake na kufungwa sawasawa kwenye msuka, hudumu kuliko mbao ya kifahari iliyoharakishwa.

Mpini huharibikaje?

Mbao ni mkusanyiko wa mirija midogo ambayo mti ulipokuwa hai ilipitisha maji na kuubeba uzito wake. Mti ukishakatwa, mirija hiyo huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuurudisha, kila majira yanapobadilika. Ikinywa, mbao huvimba, ikikauka, husinyaa. Mwendo huu haukomi hata mbao ikiwa na umri wa miaka mia moja.

Katika joto la kawaida la nchi zetu, hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ile ya pwani wakati wa masika, huiacha mbao ikiwa na maji yanayokaribia asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa yenye unyevu wa asilimia 55, kama ile ya nyanda kavu za bara wakati wa kiangazi, huishusha hadi takribani asilimia 10. Ndiyo maana kisu kilichofungwa mpini Tanga wakati wa mvua, kikapelekwa Dodoma mwezi wa Septemba, kinaweza kulegea bila ya kuangushwa wala kutumiwa vibaya. Hewa yenyewe imekifungua.

Tena, mbao haisinyai sawa kwa pande zote. Kwa urefu wake karibu haibadiliki kabisa. Kwa upana hubadilika, na kusinyaa kwa kufuata mzingo wa pete za mti huwa takribani mara mbili ya kusinyaa kwa kuelekea kiini. Tofauti hiyo ndiyo inayoupinda ubao na kuupasua.

Chuma, kwa upande wake, hakinywi maji. Hapo ndipo ulipo mgogoro wa kila kisu: mbao husogea, chuma husimama palepale. Chukua mfano wa mpini wenye upana wa milimita 25. Mbao ikisinyaa kwa asilimia 2, upana hupungua nusu milimita, na ukingo wa msuka huanza kuukwaruza mkono. Mbao ikiwa ilifungwa mbichi, inaweza kusinyaa kwa asilimia 5 au zaidi, na hapo upana hupungua kwa zaidi ya milimita moja. Kwa kuwa ribiti zimeizuia isisogee, mbao hiyo haina njia nyingine ila kupasuka.

Adui wa pili ni maji ya kuoshea vyombo. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi takribani asilimia 20. Mpini unaokauka kila baada ya kuoshwa haufiki huko. Mpini unaolala ndani ya beseni usiku kucha hufika. Maji yakipenya hadi kwenye msuka, chuma hushika kutu mahali pasipoonekana. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma mbao kutoka ndani na kuupasua mpini ambao kwa nje ulikuwa mzima.

Adui wa tatu ni nguvu za mkono. Kila unapokandamiza kisu, mpini hubinywa kwenye ribiti na kwenye shingo, pale bapa linapokutana na mbao. Nyuzi zikiwa zimekatika au zimepita mshazari mahali hapo, ndipo ufa utakapoanzia.

Sifa nne za kutafuta

Kwanza ni ukavu. Hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote, nayo haionekani kwa macho. Mbao inapaswa kuwa imekaushwa mpaka ikalingana na hewa ya mahali itakapotumika. Mbao iliyopasuliwa mwezi uliopita na kuanikwa juani si kavu. Jua kali hukausha ngozi ya nje na kuuacha moyo mbichi, na tofauti hiyo huzaa nyufa. Mbao hukaushwa kivulini, penye upepo, ncha zake zikiwa zimepakwa nta au rangi ili maji yasitoke upesi kupita kiasi.

Pili ni utulivu. Ziko mbao ambazo kwa maumbile yake husinyaa na kuvimba kidogo, na ziko zinazoyumba kila msimu. Kwa kisu cha jikoni, ambacho huloweshwa na kukaushwa mara kadhaa kwa siku, utulivu una thamani kuliko ugumu.

Tatu ni nyuzi zilizonyooka. Nyuzi zinatakiwa zisafiri kutoka shingoni hadi mwisho wa mpini bila ya kukatizwa. Mbao yenye mawimbi na fundo hupendeza machoni, lakini fundo ni mahali tawi lilipotoka, na nyuzi hapo huzunguka na kukatika. Urembo wa namna hiyo uwekwe katikati ya mpini ikiwa hauna budi kuwapo. Usiwekwe kamwe shingoni wala kwenye tundu la ribiti.

Nne ni kiini. Shina la mti mkomavu lina sehemu mbili: kiini cha ndani, ambacho kwa kawaida kina rangi iliyokolea, na mbao ya nje, aghalabu nyeupe au ya manjano hafifu. Kiini kimejaa dawa za asili zinazowachukiza kuvu na wadudu. Mbao ya nje haina kinga hiyo, na bungua huipenda kwa wanga uliomo. Hata mti unaosifiwa kwa kudumu, mbao yake ya nje huoza na kutobolewa kama ya mti mwingine wowote.

Msomaji atauliza: na ugumu je? Ugumu unafaa, kwa kuwa mbao laini hubonyea na tundu za ribiti zake hupanuka. Lakini baada ya kiwango fulani, ugumu hauongezi uhai wa mpini. Huongeza tu uzito na taabu ya kuchonga. Pia, sifa za kisu zisichanganywe na sifa za shoka au jembe. Shoka hugonga, kwa hiyo mpini wake unahitaji mbao inayokubali kupinda kidogo na kurudi. Kisu hakigongi, kinahitaji mbao inayotulia.

Mbao zipatikanazo, na zinavyofaa

Mninga ndio chaguo la kwanza kwa kisu cha matumizi ya kila siku. Kiini chake ni cha rangi ya kahawia yenye wekundu au dhahabu, nacho husifiwa kwa kusinyaa kidogo sana. Uzito wake ni wa wastani, takribani kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, huchongeka kwa urahisi na hustahimili mchwa na kuvu. Mafundi wa samani huutumia sana, hivyo vipande vidogo vinavyotosha mpini hupatikana miongoni mwa mabaki ya karakana. Mnunuzi aepuke kingo zake nyeupe, ambazo ni mbao ya nje.

Mkongo, ambao sehemu nyingine za pwani huitwa mbambakofi, ni mzito na mgumu kuliko mninga, takribani kilo 800 kwa mita ya ujazo. Nao hutulia vizuri na hudumu. Unafaa kwa kisu cha kazi nzito, kama kile cha bucha. Vumbi lake huwasha pua na macho, kwa hiyo anayeuchonga afunike uso.

Msaji, ambao wengi huuita mtiki, si mti wa asili wa Afrika. Uliletwa kutoka Asia ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa utawala wa Wajerumani. Leo unapandwa katika mashamba ya miti kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro. Una mafuta ya asili yanayoukinga na maji, na husinyaa kidogo. Mafuta hayohayo huikataa gundi, kwa hiyo fundi hana budi kuipangusa mbao kwa spiriti kabla ya kugundisha. Msaji uliovunwa ukiwa mchanga una mbao nyeupe nyingi. Takwa kipande cha kahawia kitupu.

Mvule nao ni mbao ya kudumu, yenye uzito unaokaribiana na ule wa mninga. Wakati mwingine ndani yake hukutwa vijiwe vigumu vya chokaa ambavyo huharibu meno ya msumeno. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kifua cha baadhi ya watu.

Mpingo ni mfalme wa sifa, na ndio mti wa taifa wa Tanzania. Uzito wake hufika takribani kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, ndiyo maana kipande chake huzama majini. Una nyuzi nzito zisizopitisha maji kwa urahisi, na hung'aa kwa kusuguliwa tu. Ndio mti wa vinyago vya Wamakonde na wa ala za muziki kama klarineti na zumari za orkestra. Lakini mpingo hukauka polepole mno, na ukiharakishwa hupasuka kuanzia ncha. Mpini wa mpingo ulioharakishwa ni duni kuliko mpini wa mninga mkavu, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi. Aidha, mti huu huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Anayeutaka afadhali atafute mabaki ya wachongaji, kwa kuwa mpini hauhitaji gogo.

Mkaratusi ni mgumu na wa bei nafuu, lakini hujipinda na kupasuka sana unapokauka. Unaweza kutumika ikiwa umekauka kwa hakika na nyuzi zake zimenyooka. Bila ya hayo, ni bahati nasibu.

Paini, yaani msonobari wa mashamba ya miti, na mwembe havifai. Paini ni laini. Ribiti huitafuna, nayo hubonyea kila inapogongwa. Mbao ya mwembe huoza na kushambuliwa na wadudu upesi.

Ziko pia mbao ambazo hazitakiwi kabisa kukaribia chakula. Nguzo za umeme na mbao za paa zenye rangi ya kijani aghalabu zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Mabaki yake yasitumike kwa mpini wa kisu wala kwa kuni za kupikia. Vivyo hivyo mbao za chaga za kupakilia mizigo bandarini: zenye muhuri wa herufi MB zilifukizwa kwa gesi ya kuulia wadudu, zenye herufi HT zilipashwa moto tu. Chaga isiyo na muhuri, au iliyomwagikiwa na kitu kisichojulikana, iachwe.

Mpingo wa kweli na mpingo wa rangi

Kwa kuwa mpingo una bei, wako wauzaji wanaopaka mbao nyeupe rangi nyeusi au kiwi cha viatu na kuiuza kwa jina hilo. Mnunuzi anaweza kujikinga kwa njia rahisi. Loweka kitambaa cheupe kwa spiriti kidogo, kisha sugua mahali pasipoonekana sana. Rangi ya kupakwa huhamia kwenye kitambaa kwa wingi kama wino. Mpingo wenyewe huweza kuacha doa hafifu la kahawia, lakini mbao haibadiliki rangi.

Tazama pia weusi wenyewe. Kiini cha mpingo hakiwi cheusi sawasawa kama makaa. Mwangani huonyesha michirizi ya kahawia au ya zambarau. Mpini uliokoza weusi mmoja pande zote, hadi ndani ya mikwaruzo, unastahili kuulizwa maswali. Na ukwanguapo kidogo kwa ncha ya kisu, vumbi la mpingo hutoka likiwa la rangi iliyokolea. Likitoka jeupe, umekwisha kupata jibu. Omba ruhusa ya muuzaji kabla ya kukwangua. Anayeuza mpingo wa kweli hana sababu ya kukataa.

Mahali chuma kinapokutana na mbao

Mbao njema hupotea bure ikiwa kiungo ni kibaya. Visu vingi hufungwa kwa mojawapo ya njia mbili. Katika njia ya kwanza, msuka ni mpana na hufika hadi mwisho wa mpini. Vipande viwili vya mbao hubanwa kila upande na kushikwa kwa ribiti. Katika njia ya pili, msuka ni mwembamba kama msumari mnene, hupashwa moto au kutiwa gundi na kusukumwa ndani ya tundu la mpini mmoja mzima.

Njia ya kwanza ni imara zaidi kwa kazi nzito, mradi ribiti zisiwe chini ya mbili, na zisiwe karibu mno na ncha za mbao. Ribiti iliyo karibu na ukingo ni kama kabari: siku mbao itakaposogea, itapasuka hapo. Njia ya pili inatosha kwa visu vidogo, lakini msuka unapaswa kuingia angalau nusu ya urefu wa mpini, na shingo ivikwe noleo, yaani pete ya chuma inayouzuia mpini usipasuke. Kisu chenye msuka mfupi usio na noleo kitachomoka, hata mpini uwe wa mbao gani.

Vipimo sita kabla ya kulipa

1. Tazama ncha ya mpini mahali penye mwanga. Hapo ndipo nyufa huanzia. Ufa wowote, hata uliojazwa gundi na vumbi la mbao, ni sababu ya kukirudisha kisu mezani.

2. Fuata nyuzi kwa macho kuanzia shingoni. Ukiona zinatokea ubavuni kabla ya kufika mwisho, mpini huo utakatika hapo.

3. Pitisha ukucha mahali mbao inapokutana na chuma. Ukikwama kwenye ukingo wa msuka au kichwa cha ribiti, mbao imekwisha kuanza kusinyaa, au fundi hakumaliza kazi yake.

4. Zungushia bapa kitambaa kinene, lishike kwa mgongo wake, kisha jaribu kuuzungusha mpini taratibu. Haupaswi kusogea wala kulia.

5. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, muulize muuzaji ni rangi gani na chini yake pana mbao gani.

6. Shika kisu kwa mkono uliolowa. Mpini uliong'arishwa kwa vanishi nzito kama kioo huteleza, na vanishi hiyo ikibanduka huachia maji njia. Uso uliosuguliwa kwa msasa laini na kutiwa mafuta hushikika vizuri zaidi.

Ukimwagiza fundi

Anayeagiza ana nafasi nzuri kuliko anayenunua dukani, kwa kuwa anaweza kuiona mbao kabla haijawa mpini. Uliza kwa heshima, lakini uliza: “Fundi, mbao hii imekaa hapa muda gani tangu ipasuliwe? Ilikaushiwa wapi?” Fundi mzoefu huyapokea maswali hayo kwa furaha, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kazi yake irudishwe.

Ikiwa hakuna uhakika, mizani ndogo ya jikoni inatosha kutoa hukumu. Kipande cha mbao kikatwe kwa ukubwa unaozidi mpini kidogo, kipimwe uzito, na uzito huo uandikwe juu yake kwa penseli. Kiwekwe ndani ya nyumba, kivulini, mahali penye hewa. Baada ya wiki moja kipimwe tena. Kikiwa kimepungua, kingali kinakauka. Kikipimwa wiki mbili mfululizo na uzito usibadilike, kimelingana na hewa ya nyumba hiyo na kiko tayari. Njia hii haina gharama, na inashinda kubahatisha kwa kugonga au kunusa.

Kutunza ulichochagua

Kisu cha mpini wa mbao huoshwa kwa mkono, hufutwa papo hapo, na huhifadhiwa pakavu. Kisilazwe katika beseni la vyombo wala kisiwekwe katika mashine ya kuoshea vyombo, kwa kuwa maji moto na mvuke huivimbisha mbao, na kukaushwa kwa ghafla huipasua. Kisianikwe juani.

Mara moja kila baada ya miezi miwili au mitatu, au mpini unapoonekana umepauka, pakaa mafuta kidogo, acha kwa nusu saa, kisha futa yaliyobaki. Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo mafundi huyaita linsidi, hukauka na kuwa ngozi nyembamba ndani ya mbao. Kwa kisu cha chakula chagua mafuta safi yasiyotiwa vikaushio vya metali. Mafuta meupe ya madini yauzwayo katika maduka ya dawa nayo yanafaa, ila hayakauki, kwa hiyo hurudiwa mara nyingi zaidi. Mafuta ya kupikia hayafai. Huchacha na kuufanya mpini unate.

Onyo moja lisipuuzwe: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kupata joto chenyewe na kuwaka bila ya kiberiti. Kitandazwe nje hadi kikauke kabisa, au kilowekwe majini kabla ya kutupwa.

Mpini ukipasuka, usifungwe kwa kamba wala utepe ili kusogeza siku. Uchafu utabaki ndani na msuka utaendelea kulegea. Ubadilishwe. Bapa zuri linaweza kuvikwa mpini mpya mara nyingi, na gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kisu kipya.

Uhalali wa mbao na haki ya mnunuzi

Uvunaji wa miti ya asili nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na vibali hutolewa chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mnunuzi wa kipande kimoja hatazamiwi kubeba nyaraka za msitu, lakini ana haki ya kumuuliza muuzaji mbao ilikotoka. Kununua kwa anayeweza kujibu ni kuwasaidia wanavijiji wanaoitunza misitu yao kwa utaratibu, kama ilivyo wilayani Kilwa, ambako vijiji huvuna mpingo katika misitu wanayoimiliki. Anayekusudia kusafirisha visu vyenye mipini ya mpingo, mninga au mkongo kwenda nchi za nje kwa biashara aulize kwanza kuhusu vibali, kwa kuwa miti hiyo imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Mpingo umo tangu mwaka 2017.

Kuhusu udanganyifu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya aina au ubora wa bidhaa. Kuuza mbao iliyopakwa rangi kwa jina la mpingo ni upotoshaji wa namna hiyo. Kwa hiyo dai risiti, na uombe jina la mbao liandikwe ndani yake. Ukigundua kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na kisu na risiti, nawe usiendelee kukitumia. Mkishindwa kuelewana, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpini mzuri wa kisu haupigiwi debe kwa weusi wala kwa mng'aro. Ni mkavu, nyuzi zake zimenyooka, umetoka kwenye kiini, na umeshikana na chuma pasipo kuacha nafasi ya ukucha. Mnunuzi anayetumia dakika mbili kuyakagua hayo manne atarudi nyumbani na kisu ambacho mwanawe naye atakitumia.